Hatua Sabini za Mzee Adolfu

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hamjalisoma, poleni. Nawapa kwa ufupi.

Mimi ni Mwalimu Timoth. Nilikuwa nafundisha hesabu katika shule moja ya binafsi hapa Sumbawanga, mpaka siku nilipokataa kuigeuza kumi na saba ya mtoto wa mfadhili iwe sabini na moja. Mkuu wa shule akasema sina ushirikiano. Nikarudi Malangali kwa mama yangu na sanduku moja na msimamo wangu. Sanduku tuliuza, msimamo haukupata mteja.

Ndipo parokia ikanipa darasa la watu wazima, Jumanne na Alhamisi mchana, katika ukumbi wa kigango. Linaitwa Hesabu za Maisha. Wanafunzi kumi na wanne, wengi wana wajukuu. Hatuna eksi wala wai. Tunajifunza kupima, kugawa, kukadiria, na kusoma mizani bila kumwonea haya mwenye mizani.

Niliishia pale Luciana aliposimama katikati ya kipindi cha kugawanya.

"Mwalimu," alisema, "mimi Jumamosi nanyang'anywa shamba. Hiyo kugawanya yako itanisaidia nini?"

Sasa tuendelee, na mnisikilize vizuri, kwa sababu wiki hii sitoki nikiwa msafi.

Luciana ni mjane. Marehemu mume wake alimwachia ekari mbili, hapa hapa Malangali, kutoka barabarani mpaka kijitoni. Kosa lake, kwa maneno ya shemeji yake Yohanes, ni uvivu. Na uvivu huo una ushahidi. Kila mwaka Luciana anachukua mbegu za mahindi kilo ishirini, za ekari mbili, na kila mwaka zinabaki kilo tatu na ushee.

"Zinabaki kwa sababu hapandi," Yohanes aliwaambia wazee wa ukoo. "Anaruka mistari. Mimi ekari mbili, magunia thelathini na sita. Yeye ekari mbili, thelathini, tena kwa maombi."

Wazee wakakubaliana. Jumamosi wakutane shambani, Yohanes akabidhiwe shamba alime yeye, na Luciana awe anapewa magunia machache kila mwaka ya kumfuta machozi. Huyo ni mwanamke ambaye saa kumi na mbili asubuhi ukipita barabarani unamkuta shambani, wakati Yohanes bado anatafuta kiatu cha pili.

Nikamuuliza, "Unapanda kwa nafasi gani?"

"Sabini na tano kwa thelathini, kama bwana shamba alivyotufundisha. Kamba ninayo."

"Huruki mistari?"

Alinitazama mpaka nikajuta kuuliza.

"Basi kama unapanda sawasawa na mbegu zinabaki," nikasema, "shamba lako ni dogo kuliko unavyoambiwa."

"Ni ekari mbili, Mwalimu. Alipima Mzee Adolfu."

Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Malangali ukishasema alipima Mzee Adolfu, mazungumzo yamekwisha. Mzee huyo amepima kila shamba tunalolijua, kwa miguu yake, kwa miaka arobaini. Ana miguu mirefu na uso wa mtu asiyependa kuulizwa mara mbili. Kama angepima mbingu na kusema ni hatua mia tatu, kuna watu wangeandika.

"Ekari ni nini?" nikawauliza.

"Hatua sabini kwa sabini," wakaitikia kwa pamoja, kama wako kwenye litania.

"Hatua za nani?"

Nikawatoa nje wote. Nikamsimamisha Flavian, kijana wa bodaboda, ambaye miguu yake inaanzia karibu na kifua. Nikamsimamisha Mwasiti, mwenye duka la kamba na vyombo mjini, mfupi, ndani ya baibui. Mwasiti siku ya kwanza alituambia wazi kwamba kigangoni kafuata hesabu, ubatizo hapana. Nikawaambia watembee hatua sabini, mstari mmoja.

Flavian aliishia barabarani. Mwasiti aliishia nyuma ya choo cha ukumbi.

"Kwa hiyo mimi nikinunua ekari," Mwasiti akauliza kutoka huko huko, "nitembee mimi au atembee huyu?"

"Ukinunua, mlete Flavian. Ukiuza, tembea mwenyewe."

Walicheka mpaka katekista akatoka kutazama. Luciana hakucheka. Alikuwa anaitazama ile nafasi iliyobaki kati ya Mwasiti na Flavian.

Nikawaandikia ubaoni. Ekari moja ni karibu mita sitini na nne kwa mita sitini na nne. Mwasiti akajitolea kamba, mita kumi kamili, iliyopimwa kwa mita ya dukani kwake. Tukakubaliana kwamba kila kamba ikinyooshwa mara moja, anayeshika mwisho anachomeka kijiti. Ukimaliza unahesabu vijiti, kila kijiti mita kumi. Hata aliyelala darasani ataelewa.

Hapo ningenyamaza ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini kimbelembele changu mnakijua.

"Jumamosi," nikatangaza, "nakuja na darasa zima. Tutapima mbele ya wazee."

Jioni nikamweleza mama yangu, Fortunata, huku nikijisifu. Alikuwa anachambua maharage.

"Mnapima la Luciana tu?" akauliza.

"La Luciana tu."

"Haya," akasema, akaendelea kuchambua. Mwalimu wa hesabu hakusikia chochote.

Jumamosi tukakuta wazee wa ukoo wanne wamekaa pembeni ya shamba. Yohanes alikuwa amevaa koti, kama mtu anayekwenda kuapishwa. Na Mzee Adolfu naye alikuwepo, na fimbo yake.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Nasikia miguu yangu inafanyiwa mtihani."

"Hapana mzee, tunafanya mazoezi tu."

"Mazoezi na kamba," akasema, akageukia pembeni.

Tukaanza. Flavian mbele na kamba, Luciana nyuma na vijiti, mimi na daftari. Kutoka barabarani mpaka kijitoni, mita sitini na nne. Safi kabisa. Mzee Adolfu akakohoa kwa kuridhika.

Tukapima upana. Kwa ekari mbili tulitegemea mita mia na ishirini na nane. Tukafika kwenye mpaka na vijiti kumi na kipande cha kamba.

"Mia na saba," nikasema.

"Kamba imekatwa," akasema Yohanes papo hapo. "Hiyo ni kamba ya dukani, Mwasiti anaijua mwenyewe."

"Kamba ikikatwa, shemeji yangu, vijiti vinaongezeka," akajibu Mwasiti. "Jumanne njoo darasani."

"Basi pimeni na langu. Tuone kama kamba haina chuki na mtu."

Tukapima la Yohanes, ambalo liko mkono wa kushoto. Mita mia na ishirini na nane, hata nusu haikupungua. Na mimi nilishtuka. Mzee Adolfu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

"Miguu imefaulu," akasema.

"Imefaulu huku, mzee," nikamwambia kwa adabu. "Siku moja, miguu ile ile, kule imepunguza mita ishirini na moja. Imekuwaje?"

Aliyejibu ni Luciana, kwa sauti ndogo.

"Mzee, siku ile kwangu kulikuwa na ntumba."

Kwa msomaji wa mbali: ntumba ni matuta yetu sisi Wafipa, ya duara, makubwa, unakata nyasi unazifukia chini zioze ziwe mbolea. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Siku ya kugawa shamba, miaka tisa iliyopita, Luciana na mumewe walikuwa wameshajaza sehemu yao ntumba tupu. Sehemu ya Yohanes ilikuwa kiwanja cha mpira, kwa sababu mwenyewe hakuwa amegusa jembe.

Mzee Adolfu akachora ardhini kwa fimbo, kona kona.

"Nilikuwa nazizunguka," akasema. "Kushoto, kulia, kushoto. Zilikuwa zimelimwa vizuri, nikaona vibaya kuzikanyaga. Na kila nilipozunguka nilihesabu hatua."

Mnaona mambo hayo. Mvivu alipimiwa kwa hatua zilizonyooka. Mchapakazi akapimiwa kwa hatua za kona kona, akakatwa theluthi ya ekari, halafu kwa miaka tisa akaitwa mvivu kwa sababu mbegu zinabaki. Nasema haki ya nchi hii ina vichekesho.

Mzee mmoja wa ukoo akasimama. "Basi huyu mama hana kosa. Shamba ni dogo, na kwa udogo wake amelitendea haki. Yohanes, vua koti."

Yohanes hakuvua, lakini alilifungua vifungo. Luciana alikaa chini palepale akalia, akajifuta kwa khanga, akacheka, akalia tena. Shamba limebaki lake. Wanafunzi wangu wakapiga makofi. Flavian akanipiga begani akasema, "Ticha, umetisha." Nikajiona mtu mkubwa. Ningekunja kamba dakika ile ile nikaenda nyumbani kula ugali, leo nisingekuwa na la kuungama.

Lakini kuna ujinga mmoja nilioufanya mwezi mzima. Niliwafundisha kutoa.

"Mwalimu," Luciana akasema akiwa bado chini, "mia ishirini na nane toa mia na saba ni ishirini na moja."

"Vizuri sana."

"Hizo ishirini na moja ziko wapi?"

Hakutumia vidole wala hakuniomba chaki. Mwezi uliopita mama huyu alikuwa anatoa tisa kwa kokoto. Nilifurahi kama mwalimu yeyote angefurahi, kwa muda wa kufunga na kufumbua macho.

"Kwangu hazipo," akasema Yohanes. "Mmeona wenyewe."

Wote wakageuka mkono wa kulia. Na mimi nikageuka, ingawa nalijua shamba lile tangu siku tuliyolipata. Mkono wa kulia wa Luciana ni shamba la mama yangu.

Siku ya kugawa ilikuwa hivi. Baba yake Yohanes alikuwa na ekari tano. Mbili za Yohanes, mbili za mume wa Luciana, na moja alimpa mama yangu kwa maksai wawili. Mzee Adolfu akapima mbili za kwanza, akapima mbili za pili. Jua lilikuwa kali na kuku alikuwa tayari. Mzee akaelekeza mkono kwenye mikaratusi ya mpakani akasema, kilichobaki ndiyo ekari ya Mama Timoth. Tano ukitoa nne ni moja, nani apoteze nguvu kuipima? Hawakuipima.

Na shamba la mama yangu lina sifa Malangali nzima. Ekari moja, magunia ishirini na nne. Wenzake wenye ekari moja wanapata kumi na nane. Padre alimtaja kwenye misa ya shukrani ya mavuno, akasema mikono yenye bidii hubarikiwa. Mimi chuo cha ualimu nilikimaliza kwa magunia hayo. Miaka tisa tumekula baraka yenye upana wa mita ishirini na moja.

Sina sababu ya kuwaficha leo. Nilijua kabla kamba haijagusa udongo. Tano mara sitini na nne ni mia tatu na ishirini. Toa ya Yohanes, toa ya Luciana. Themanini na tano.

Mama yangu alikuwa tayari amesimama shambani kwake, jembe mkononi. Sijui alifika saa ngapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnatafuta nini huku?"

"Kupima tu, Mama Timoth," Yohanes akajibu kabla yangu, na sauti yake ilikuwa na asali. "Haki ya mjane. Mwanao ndiye fundi mwenyewe."

Asubuhi alikuja kumnyang'anya mjane shamba. Saa tano alikuwa mtetezi wa wajane. Mtu huyu angegombea udiwani angepita.

Mama akanivuta pembeni.

"Ulisema la Luciana tu."

"Nilisema."

"Timoth, mimi sijaiba. Mzee mwenyewe alinionyesha kwa mkono, mpaka kwenye mikaratusi. Nikatoa maksai wangu."

"Najua, mama."

"Chuo umesomea nini?"

"Shamba hili."

"Na sasa hivi kazi huna. Tunakula nini?"

"Shamba hili."

"Basi waambie ni ekari moja, twende nyumbani."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema kama anavyoniagiza chumvi. Nikarudi kwa watu.

Tukapima. Flavian mbele, Luciana nyuma na vijiti vyake, mimi na daftari. Wazee walibaki kivulini kwa sababu walishachoka, na wanafunzi walikuwa wanabishana na Yohanes habari ya koti. Nyuma yetu mama yangu alitembea polepole. Kamba ilinyooka mara ya tano, mara ya sita. Ya saba ilipita huku nikiandika. Ya nane ikapita, kalamu ikasimama hewani. Ikabaki nusu ya kamba, tukagusa mikaratusi.

"Mwalimu, ngapi?" mzee wa ukoo akaita kutoka kivulini.

Flavian alinitazama. Alikuwa ameshika kamba, alijua. "Ticha," akasema chini chini.

"Sitini na nne," nikajibu.

Nilitamka vizuri, kwa sauti ya darasani. Hata haikutetemeka.

"Ekari moja kamili," nikaongeza, kwa sababu mwongo akishaanza huwa mkarimu.

Mzee Adolfu akapumua. "Basi marehemu baba yako, Yohanes, hakuwa na ekari tano. Alikuwa anakadiria."

"Alikadiria," wazee wakakubali. "Mungu amlaze. Twendeni, jua limekuwa kali."

Na hapo, msomaji, mambo yakawa yamekwisha. Shamba la Luciana limebaki la Luciana. Mama amebaki na lake. Marehemu amebeba lawama, na yeye hawezi kubisha. Nilijipangia maneno hayo kichwani yakaonekana mazuri. Lakini nilishindwa kumwangalia Luciana. Niliona aibu, nasema wazi. Niliona aibu kuliko siku niliyofukuzwa shule, kwa sababu siku ile nilikuwa na haki.

Luciana hakuondoka. Alisimama kwenye mikaratusi, akageuka nyuma, akatazama mstari tuliotoka. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Mwalimu," akasema.

"Naam."

"Vijiti vyangu ni vinane."

"Labda umechomeka vibaya."

"Kila kamba kijiti kimoja. Ndivyo ulivyotufundisha." Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mwanafunzi aliyekosa jibu na anataka kujua amekosea wapi, na hilo lilinichoma zaidi. "Nane ni themanini. Sitini na nne umeipata wapi?"

Nikafungua daftari, nikalifunga tena. Mimi, mwenye cheti.

"Rudia, Mwalimu," akasema. "Au nihesabu mimi?"

Hakusubiri. Alipita mbele yangu, akatembea mpaka mwanzo wa shamba, kwenye kijiti cha kwanza. Akakigusa kwa mguu.

"Moja," akahesabu kwa sauti.

Wanafunzi wangu waliacha kubishana na Yohanes. Mmoja akamfuata, na wengine nyuma yake. Wazee wakageuka njiani. Mzee Adolfu akarudi na fimbo yake.

"Mbili," Luciana akasema, na wengine wakaitikia kama tunavyofanya ukumbini.

"Tatu," wakasema wote.

"Nne."

Mwasiti alikuwa anahesabu kwa nguvu kuliko wote. Flavian alikuwa hahesabu, ananitazama mimi tu.

"Tano."

Walipotamka sita, mama yangu akapita katikati yao, akainama, akang'oa kijiti cha saba, akakishika kifuani, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Timoth," akasema, "njoo uwaambie ni vinane."